Rais alipooza, nchi ikaambiwa amechoka

Ndugu msomaji, neno "uchovu" ni neno la heshima. Mkubwa akisemwa amechoka hakuna anayemcheka, kwani aliyechoka ni yule aliyefanya kazi. Ndilo neno waliloambiwa waandishi wa habari tarehe 26 Septemba 1919, karibu na mji wa Wichita katika jimbo la Kansas, pale treni ya Rais Woodrow Wilson wa Marekani iliposimama na ziara yake ya kuhutubia wananchi ikavunjwa. Mishipa ya fahamu ya Rais imechoka, wakaambiwa, anahitaji mapumziko. Siku sita baadaye Rais huyo alikuwa amelala kitandani, amepooza upande mzima wa kushoto. Neno halikubadilika. Nchi iliendelea kuambiwa amechoka.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kiharusi, maradhi ambayo wengine huyaita kupooza, na nitayazungumza kwa njia ya historia. Miaka ile iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza kiharusi kiliwapiga wakuu wa nchi mbili kubwa, kila mmoja upande wake. Wilson kilimpiga kushoto. Vladimir Lenin wa Urusi kilimpiga kulia. Mmoja alibaki na ulimi wake, lakini akapoteza kitu kingine ambacho ni kigumu zaidi kukieleza. Mwingine ulimi ulifungwa kabisa. Walifariki wakiwa wamepishana siku 13 tu, Lenin tarehe 21 Januari 1924 na Wilson tarehe 3 Februari mwaka huo huo. Ukiwatazama wawili hawa kwa pamoja utaona karibu kila kitu ambacho kiharusi humfanyia binadamu, na utaona pia jinsi watu wanaomzunguka mgonjwa wanavyoweza kuziona dalili zote waziwazi na bado wakazipa jina jingine.

Tuanze na mwili wenyewe. Ubongo ni kiungo kisicho na akiba. Ni kama mtaa ulio mwisho wa bomba la maji ambako hakuna nyumba yenye tangi; bomba likikatika saa hii, saa hii hii watu wana kiu. Damu ndiyo inayopeleka hewa na chakula kwenye ubongo, na ikizuiwa, sehemu iliyokuwa ikinyweshwa na mshipa ule huanza kufa. Mshipa unaweza kuzibwa na damu iliyoganda, au unaweza kupasuka damu ikamwagika ndani ya kichwa. Vyote viwili ni kiharusi. Na kwa kuwa nusu ya kulia ya ubongo ndiyo inayotawala mkono na mguu wa kushoto, na nusu ya kushoto hutawala upande wa kulia, mgonjwa aghalabu hulegea upande mmoja tu. Hiyo ndiyo alama ya kiharusi ambayo hata mtoto anaweza kuiona: mdomo umekwenda upande, mkono mmoja haunyanyuki, mguu mmoja unaburuzwa.

Wilson alikwisha kuonywa mapema. Mwaka 1896, alipokuwa profesa katika Chuo cha Princeton, mkono wake wa kulia ulishindwa kuandika. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, akaendelea na kazi. Mwezi Mei 1906 aliamka asubuhi moja akakuta haoni kwa jicho lake la kushoto. Daktari alimweleza kwamba mishipa yake ya damu inakakamaa, akamwamuru apumzike. Wilson akaenda Uingereza kutembea milimani, na akarudi kazini. Madaktari waliochunguza maisha yake miaka mingi baadaye hawajapatana iwapo ule mkono wa 1896 ulikuwa kiharusi kweli au ni jambo jingine. Juu ya jicho hakuna ubishi mkubwa: mishipa ilikuwa mibovu, na miaka 13 kabla ya kuanguka kwake mwili ulikuwa umekwisha kusema.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mwaka ule ule wa 1896 ndipo daktari wa Kiitaliano, Scipione Riva-Rocci, alipotangaza kipimo cha presha kile tunachokijua leo, cha kufunga mkanda mkononi na kuujaza hewa. Kipimo kilikuwapo. Dawa ya kuishusha presha yenyewe ilikuwa bado haijapatikana, na ingechukua miongo kadhaa kupatikana. Kwa hiyo tusiwalaumu madaktari wa Wilson kwa kutomtibu. Walikuwa na ushauri wa kupumzika tu. La kuwalaumu liko kwingine, na tutalifikia.

Vita vilipokwisha Wilson alikwenda Paris kujadili amani. Mkataba wa Versailles ulitiwa saini tarehe 28 Juni 1919, na ndani yake aliingiza kile alichokipenda kuliko vyote, yaani Shirikisho la Mataifa, chombo cha kuzuia vita nyingine. Lakini kwa katiba ya Marekani mkataba hauna nguvu mpaka Seneti iukubali kwa theluthi mbili ya kura, na Maseneta wengi walikuwa na mashaka. Wilson akaamua kuwaruka na kwenda kwa wananchi wenyewe. Aliondoka Washington tarehe 3 Septemba kwa treni, akavuka nchi mpaka pwani ya magharibi, akihutubia mji baada ya mji, wakati ambapo vipaza sauti vilikuwa vichache na mtu alilazimika kupiga kelele. Kichwa kilimuuma siku nenda siku rudi. Usiku hakulala. Alikuwa na umri wa miaka 62.

Tarehe 25 Septemba alihutubia katika mji wa Pueblo, jimbo la Colorado. Usiku ule ndani ya behewa hali ikawa mbaya. Katibu wake, Joseph Tumulty, aliyeitwa alfajiri, ameandika katika kumbukumbu zake kwamba upande mmoja wa uso wa Rais ulikuwa umeanguka. Soma tena maneno hayo, ndugu msomaji. Upande mmoja wa uso umeanguka. Katibu aliona, daktari aliona, mke aliona. Waandishi waliokuwa kwenye treni hiyo hiyo, mabehewa machache tu kutoka hapo, wakapewa ile taarifa ya uchovu, wakaipeleka kwa simu, na magazeti yakaichapa.

Treni ilirudi Washington. Asubuhi ya tarehe 2 Oktoba mkewe, Bibi Edith Wilson, alimkuta mkono wake wa kushoto umelegea. Alitoka kwenda kumwita daktari, na aliporudi alimkuta mumewe ameanguka sakafuni bafuni. Daktari wa Ikulu, Admirali Cary Grayson, alimchunguza. Mtaalamu wa mishipa ya fahamu, Dakta Francis Dercum, akaja kutoka Philadelphia. Mkono wa kushoto haukuwa na nguvu, mguu wa kushoto haukuwa na nguvu, upande wa kushoto wa uso ulikuwa umelala, na macho yote mawili yalikuwa hayaoni upande wa kushoto. Hapo neno kiharusi lingetosha. Halikutoka nje ya chumba.

Kilichofuata ni kisa ambacho mtu angekisoma kwenye riwaya asingekiamini. Kwa wiki nyingi hakuna waziri aliyemwona Rais. Nyaraka za serikali zilipelekwa mlangoni kwa Bibi Wilson. Yeye ndiye aliyeamua ipi ampelekee mumewe na ipi isubiri. Nyingine zilirudi zikiwa na maneno ya mkono wa mama huyo pembezoni, akieleza kwamba Rais anasema hivi au vile. Nyingine hazikurudi kabisa. Mwenyewe aliandika katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1939 kwamba hakuamua jambo lolote la nchi, ila aliamua tu lipi ni la muhimu na lini apelekewe Rais. Mimi nadhani mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua kwamba anayeamua faili lipi lifike mezani na lipi lisifike, huyo tayari anatawala.

Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Lansing, alijaribu kulisema. Aliitisha Baraza la Mawaziri tarehe 6 Oktoba, akauliza kama haifai Makamu wa Rais, Thomas Marshall, ashike kazi. Tumulty alikataa katakata kushiriki katika jambo kama hilo, na Daktari Grayson akakataa kutoa cheti kwamba Rais hajiwezi. Katiba ya wakati huo ilisema Makamu atashika madaraka Rais akishindwa, lakini haikusema nani wa kuthibitisha kwamba ameshindwa. Marshall mwenyewe hakuambiwa rasmi. Alipenyezewa habari na mwandishi wa gazeti moja la Baltimore, na alipoisikia aliogopa kuisogelea. Lansing alilipwa Februari 1920, pale Wilson alipomtaka ajiuzulu kwa kosa la kuitisha mikutano ya Baraza bila ruhusa.

Watu wa Seneti nao walianza kunong'ona. Tarehe 5 Desemba walituma Maseneta wawili, Albert Fall na Gilbert Hitchcock, kwa kisingizio cha mambo ya Mexico, kwenda kumtazama Rais kwa macho yao. Walimkuta kitandani, ameegemezwa mito, shuka limefunika mkono wa kushoto mpaka kidevuni. Wageni wakaketishwa upande wa kulia. Wilson alizungumza vizuri, akatania, akawapa mkono wa kulia. Wakatoka na kuwaambia waandishi kwamba akili ya Rais ni timamu. Na katika hilo hawakusema uongo, kwani waliona kile walichopangiwa kukiona.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye fumbo la kiharusi cha upande wa kushoto. Mgonjwa wa namna hii anaongea. Maneno yake yanaeleweka, kumbukumbu ya mambo ya zamani anayo, mzaha anaujua. Ndugu wanafurahi na kusema "ameponyoka". Walakini ile nusu ya kulia ya ubongo iliyoumia ndiyo hasa inayotuwezesha kuyajua mazingira yetu na hali ya mwili wetu wenyewe. Ikiharibika, mgonjwa anaweza kula wali wa upande wa kulia wa sahani na kuuacha wa kushoto, akidhani amemaliza. Anaweza kunyoa shavu moja. Anaweza kugonga mwimo wa mlango kila anapopita. Na ajabu kubwa kuliko zote, anaweza kupooza na asijue kwamba amepooza. Ukimwuliza kwa nini hanyanyui mkono atakwambia hajisikii tu, au atasema ameunyanyua. Daktari wa Ufaransa, Joseph Babinski, aliieleza hali hii na kuipa jina mwaka 1914, miaka mitano kabla ya Wilson kuanguka. Si ukaidi wala si kiburi. Ni jeraha.

Wilson alionyesha mengi ya namna hiyo. Alikuwa mtu aliyeshindwa kutembea bila kushikwa, anayelia upesi kwa jambo dogo, asiyeweza kufanya kazi kwa muda mrefu, na bado katika kiangazi cha 1920 alikuwa akitumaini chama chake kimteue agombee urais kwa mara ya tatu. Rafiki zake waliingiwa na huruma na aibu kwa pamoja, wakahakikisha jina lake halipelekwi mkutanoni.

Sasa tazama gharama yake. Mkataba ulipofika kupigiwa kura, Maseneta wa upinzani wakiongozwa na Henry Cabot Lodge walitaka kuukubali kwa masharti kadhaa. Hitchcock, aliyekuwa upande wa Rais, aliingia chumba cha mgonjwa mwezi Novemba kumwomba alegeze kamba kidogo. Wilson alikataa. Kura ya tarehe 19 Novemba 1919 ikashindwa. Ikarudiwa tarehe 19 Machi 1920, na wabunge wengi wa chama chake mwenyewe wakaasi wakaunga mkono masharti. Walipata kura 49 dhidi ya 35, zikapungua 7 kufikia theluthi mbili. Marekani haikuingia kamwe katika Shirikisho lile ambalo Rais wake ndiye aliyelibuni. Wanahistoria wanabishana mpaka leo: wako wanaosema Wilson mzima angekubaliana na wenzake, na wako wanaosema alikuwa mbishi tangu ujana wake. Mimi sina mizani ya kuwapima. Ninachoona ni kwamba nchi ilifanya uamuzi wake mkubwa bila kujua kwamba mtu anayesema "hapana" kule chumbani ni mgonjwa wa ubongo.

Nasi huku hatukuwa mbali na jambo hilo. Ni mkataba ule ule wa Versailles ulioinyang'anya Ujerumani koloni lake la Afrika Mashariki, na ni chini ya Shirikisho lile lile Tanganyika iliwekwa katika udhamini wa Mwingereza, na Ruanda-Urundi katika udhamini wa Mbelgiji. Wilson alikuwa miongoni mwa waliosukuma wazo kwamba makoloni yaliyotekwa yasimamiwe kama amana badala ya kugawanywa kama ngawira. Amana hiyo ilipoanza, nchi ya mtu huyo haikuwa na kiti katika chombo cha kuisimamia.

Siri yenyewe ilikuja kutoka kwa namna ya ajabu. Katika Oktoba ile ile ya 1919 mkojo wa Rais ulikuwa umeziba, akaletewa mtaalamu wa maradhi hayo kutoka hospitali ya Johns Hopkins, Dakta Hugh Young. Februari 1920 Dakta Young, katika mahojiano na gazeti la Baltimore Sun, alieleza bila kificho kwamba damu iliganda katika mshipa wa ubongo wa Rais na kwamba mkono na mguu wa kushoto vilipooza. Miezi minne ilikuwa imepita. Aliyesema ukweli juu ya kichwa cha Rais ni daktari wa mkojo.

Tuvuke sasa twende Urusi. Lenin alikuwa na umri wa miaka 52 tu kiharusi cha kwanza kilipomjia mwishoni mwa Mei 1922, katika kijiji cha Gorki nje ya Moscow. Naye alikuwa na maumivu ya kichwa na kukosa usingizi muda mrefu kabla. Mwaka 1918 alikuwa amepigwa risasi, na madaktari wakadhani huenda risasi iliyobaki mwilini inamtia sumu. Wakaitoa Aprili 1922. Mwezi mmoja baadaye mkono na mguu wa kulia ukalegea na maneno yakawa mazito. Inasimuliwa kwamba daktari alimpa hesabu ya 12 mara 7 akashindwa. Walipoondoka, alikaa na karatasi saa tatu akiijumlisha moja moja mpaka akaipata.

Alipata nafuu, akarudi kazini, na Desemba kikampiga tena. Ndipo, akiwa kitandani, alipoanza kuwasomea makatibu wake maneno ya kuandika, kwa dakika chache kila siku kwa amri ya madaktari na wakuu wa chama. Katika maneno hayo, tarehe 4 Januari 1923, alishauri Stalin aondolewe katika ukatibu mkuu wa chama. Tarehe 10 Machi 1923 kikaja kiharusi cha tatu, na sauti ikakoma. Mtu aliyeandika vitabu na kuhutubia umati wa watu akabaki na silabi mbili tatu za Kirusi, akizirudia kwa furaha, kwa hasira, kwa kuomba maji, kwa kila kitu.

Hiki ndicho kiharusi cha upande wa kulia. Tangu mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alikuwa amekwisha kuonyesha jambo hili. Alikuwa na mgonjwa aliyekaa hospitali ya Bicêtre miaka 21 akiweza kutamka "tan" tu. Alipofariki Broca aliupasua ubongo wake akakuta jeraha upande wa kushoto, mbele. Kwa watu wengi duka la maneno liko huko. Likibomoka, mgonjwa anaweza kuwa anaelewa mengi unayosema lakini hana njia ya kujibu. Mwingine huongea maneno mengi yasiyo na maana. Mwingine hushindwa kusoma barua aliyoiandika mwenyewe. Watu wakimkuta hivyo husema "amechanganyikiwa", wakaanza kumjadili mbele yake kama kwamba hayupo. Anawasikia.

Nadezhda Krupskaya, mke wa Lenin, aliyekuwa mwalimu, alianza kumfundisha upya kama mtoto, herufi kwa herufi, na kumzoeza kuandika kwa mkono wa kushoto. Kufikia Oktoba 1923 aliweza kutembea na mkongojo, hata akaomba kwa ishara apelekwe Moscow akaione ofisi yake. Maneno hayakurudi. Madaktari waliompasua Januari 1924 walikuta mishipa ya ubongo wake imekakamaa na kuziba kwa kiasi cha kushangaza. Na niongeze jambo moja ambalo wasomaji wangu wa siasa hawatalipenda: Machi 1923 serikali ya Moscow, ambayo haikusifika kwa uwazi, iliwatangazia wananchi kwamba mkono na mguu wa kulia wa kiongozi wao umedhoofu na kwamba usemi umemsumbua. Washington haikufanya hivyo.

Wala London haikufanya. Tarehe 23 Juni 1953 Winston Churchill, mwenye miaka 78, alilegea mwishoni mwa karamu aliyomwandalia Waziri Mkuu wa Italia. Kesho yake aliongoza Baraza la Mawaziri, mdomo umekwenda upande, na baadhi ya mawaziri hawakutambua lolote. Madaktari wake wawili, mmoja wao akiitwa Russell Brain, yaani Ubongo (si mzaha wangu), waliandika taarifa iliyotaja damu ya ubongo. Wanasiasa wakaifuta sentensi hiyo, wakaacha kwamba Waziri Mkuu anahitaji mapumziko. Wenye magazeti makubwa walikuwa rafiki zake, wakanyamaza. Yeye alibahatika, akapata nafuu, na bunge likaja kusikia kutoka kinywani mwake mwenyewe mwaka 1955.

Marekani ilirekebisha katiba yake mwaka 1967, ikaeleza nani aseme kwamba Rais hajiwezi. Sisi wengine hatuna ikulu, lakini vyumba vyenye milango iliyofungwa tunavyo. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka 2010 baada ya kusawazisha tofauti za umri, yalikuwa kama wagonjwa 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kule Hai, na kama 316 katika jiji. Karibu mara tatu. Wachunguzi wengine waliouliza watu wanakielewaje kiharusi walikuta kitu kilichonishangaza: wa kijijini Hai ndio waliotaja zaidi presha na mafuta, na wa mjini Dar es Salaam ndio waliotaja zaidi mapepo na uchawi. Sisi wa mjini, wasomaji wa magazeti, tuliozoea kumcheka mtu wa shamba.

Nao msamiati wa kuficha hatukuazima Washington. "Amepigwa na upepo mbaya." "Alilalia mkono." "Ametupiwa kitu." "Amechoka tu, mwacheni alale." Mwaka 1919 kulala au kutolala hakukubadili mengi, kwa kuwa hapakuwa na dawa. Tangu 1971 kuna mashine ya kupiga picha ya ubongo inayoweza kuonyesha kama mshipa umeziba au umepasuka. Tangu miaka ya 1990 iko sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo hutumika kwa mshipa ulioziba tu, ndani ya saa tatu za mwanzo, na baadaye ikaonekana inaweza kufaa mpaka saa nne na nusu. Si kila hospitali yetu inayo. Hata pasipo sindano hiyo, hospitali inaweza kushughulikia presha, kupima kama mgonjwa anaweza kumeza, na kumwanzishia mazoezi mapema ili viungo visikakamae.

Kwa hiyo mtu akiwa nyumbani, dukani au ndani ya daladala, na ghafla mdomo wake ukaenda upande, mwambie atabasamu umwone vizuri. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele. Tazama kama mmoja unashuka. Mwambie aseme sentensi moja ya kawaida. Dalili nyingine ni kupoteza nuru ya macho ghafla, kuyumba ghafla, au kichwa kuuma ghafla kwa ukali usio wa kawaida. Usimpe maji, uji wala kidonge, kwani koo nalo huweza kupooza na kitu kikaingia mapafuni. Ikiwa dalili zimekuja zikatoweka baada ya dakika kumi, nenda hospitali vilevile. Baadhi ya waliopata kiharusi kikubwa walitanguliwa na hicho cha kupita. Na tazama saa uikumbuke, au iandike kwenye kiganja, kwa kuwa mkifika hospitali daktari atataka kujua ilianza saa ngapi, na mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kumjibu.